Sakafu ya Mvule Jikoni Kwetu

Wiki chache zilizopita binti yangu aliniomba nimsindikize mtaa wa Donholm kutazama nyumba aliyotaka kupanga. Sebule ilikuwa sawa, vyumba vya kulala vilikuwa sawa. Mama mwenye nyumba alikuwa ameliacha jiko makusudi liwe la mwisho. Alipofungua mlango alisimama kando ili tuone vizuri.

"Sakafu ya mbao hiyo," akasema. "Mbao yenyewe, si ile ya kubandika."

Binti yangu aliingia moja kwa moja na viatu vyake, akaanza kufungua makabati. Mimi nilijikuta nimevua viatu mlangoni, nimevishika mkononi, na napita nikiwa nimejibana ukutani, pale ambapo mbao huwa hazilii. Nilifika dirishani bila kutoa sauti hata kidogo. Mgongo ulikuwa umelowa jasho.

"Mum, mbona unatembea kama mwizi?" binti yangu akauliza.

Nilicheka, nikamwambia ni miguu ya uzee. Yeye hakuuliza tena. Lakini wewe, rafiki yangu, uliyekulia upande ule ule wa mji katika miaka ile ile, wewe naweza kukueleza.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tukikaa mtaa wa Jericho, katika zile nyumba za kaunsili ya jiji zilizopangwa safu safu, mlango ukitazamana na mlango. Tulikuwa watoto watatu. Kaka yangu ndiye mkubwa, mimi nafuata, kisha kitinda mimba wetu, msichana mdogo aliyekuwa na kifua kibovu tangu kuzaliwa. Baba na mama walilala chumbani. Sisi tulilala jikoni, kama watoto wengi wa pale. Baada ya chakula mama aliondoa vyombo, akalisukuma jiko la makaa nje lipoe, akatandika godoro la sponji kati ya sinki na kabati la unga. Chini kulikuwa na saruji tupu, na saruji ya Nairobi mwezi wa Julai unaijua. Baridi ilipenya godoro ikapanda hadi mbavuni, na mdogo wetu alikohoa mpaka akatapika.

Baba alikuwa fundi wa sakafu. Kila asubuhi alivuka reli kwa miguu kwenda Industrial Area, kwenye karakana iliyopasua mvule na mahogani kuwa vipande vifupi, virefu kiasi cha kiganja hadi kiwiko. Halafu yeye na wenzake walipakiwa kwenye lori na kupelekwa upande ule mwingine wa Nairobi, kwenye majumba yenye bustani, wakavipange vile vipande katika sebule za watu. Vipande vyenye fundo au vilivyopasuka pembeni vilitupwa, na wafanyakazi waliruhusiwa kuvichukua. Wenzake walivipeleka nyumbani vikawa kuni. Baba hakuweza. Alivileta kwenye gunia begani na kuvirundika chini ya kitanda, mpaka kitanda kikainuka na mama akalalamika kwamba analala juu kama nguo kwenye kamba.

Siku moja, bila kumwambia mtu, alianza kuvipanga jikoni. Ilimchukua Jumapili nyingi. Alivua shati la kanisani, akachemsha lami nje kwenye debe, na moshi wake mweusi ukawafukuza akina mama na nguo zao walizokuwa wameanika. Alipaka lami sakafuni, kisha akaanza kuweka kipande kimoja kimoja, vikipishana kama nyuzi za kikapu. Alipiga magoti kutwa nzima. Alipapasa kila kipande kabla ya kukilaza, akakigeuza, akakinusa. Sijawahi kumwona akishika kitu kingine kwa upole namna ile. Baadaye akaja na msasa, akasugua mpaka vumbi likajaa kwenye nyusi zetu, kisha akapaka nta. Mvule ile ikawaka. Ilikuwa rangi ya chai ya rangi, na mahali pengine rangi ya asali.

Majirani walikuja kuitazama. Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mmoja mnene kutoka Murang'a aliyeuza nguo za mitumba Gikomba, alisimama kizingitini mikono kiunoni.

"Shemeji, mbona jikoni?" akamwuliza baba. "Si ungeweka sebuleni, wageni waone?"

"Watoto wangu hawalali sebuleni," baba akajibu.

Nakuambia hivi ili usije ukadhani nasimulia habari za shetani. Mwaka ule mdogo wetu hakukohoa. Tulilala juu ya mbao zenye joto, zenye harufu ya nta na vumbi la msumeno, na asubuhi tulizifuta kwa sweta kuukuu, mmoja akiwa amekaa juu ya sweta na mwingine akimvuta kwa mikono, tukiteleza toka sinki hadi mlangoni tukipiga kelele. Mama alikaanga omena huku akicheka. Baba alitutazama akiwa na kikombe cha chai mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba.

Sijui hasa ni lini ilibadilika. Nadhani ilianza na mikwaruzo. Jiko ni mahali pa kazi, na kazi ya jikoni ina maji, ina moto, ina visu vinavyoanguka. Saruji haijali. Mbao hujali kila kitu. Mama akiosha majani ya sukuma wiki, tone lilibaki sakafuni na kuacha alama nyeupe. Kaa la moto likiruka toka kwenye jiko, liliacha tundu jeusi. Baba alitengeneza sinia la bati lenye mchanga wa kuwekea jiko, akaweka sheria. Hakuna viatu. Hakuna kuburuta mtungi wa maji. Hakuna kutwanga chochote chini. Jioni akirudi kazini alipiga magoti mlangoni, akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia kugusa mbao, akatazama dhidi ya mwanga. Sisi tulisimama tumejipanga, mama akiwa na mwiko mkononi, tukingoja.

Mara ya kwanza ilikuwa maharagwe. Sufuria iliteleza mkononi mwa mama na mchuzi wa moto ukamwagika. Mama alikuwa ameungua mguu, ngozi ilikuwa imeanza kuvimba, na alikuwa anapangusa sakafu kwanza kabla ya kujipaka kitu. Baba aliingia akamkuta hivyo, akamshika nywele na kumsukuma uso wake chini kwenye ule mchuzi. "Ona," akawa anasema kwa sauti ya chini. "Ona. Ona ulichofanya."

Baba yangu hakuwa mlevi. Hakuwahi kuonja hata busaa ya arusini. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa. Nimeishi nikiwasikia watu wakisema ni pombe, ni pombe, na mimi hunyamaza.

Baada ya hapo ikawa jambo la kawaida. Alimpiga kwa mshipi, kwa kiatu, kwa kile kipande cha mvule alichokiweka juu ya kabati kuwa cha akiba. Alitupiga na sisi, lakini sisi alitupiga kwa kiasi, kama walivyopigwa watoto wote. Lakini mama, baba alimpiga kama mtu anayevunja kitu. Mara moja, akiwa amechoka kupiga, alikaa kwenye stuli akijishika magoti yake yaliyovimba kwa kazi, akasema maneno ambayo kaka yangu na mimi hatukuyasahau. "Kule mimi huwapigia watu magoti kutwa. Mwanamke ananionyesha kwa kidole cha mguu, rudia hapa, rudia hapa. Hapa nyumbani ni nyinyi mtakaopiga magoti."

Usidhani nyumba yetu ilikuwa ya pekee. Vipigo vilikuwa hewani. Mwalimu wetu wa hesabu alitembea na kipande cha paipu ya maji ndani ya mkono wa koti lake. Mwizi wa nguo zilizoanikwa kwenye kamba aliuawa kwa mawe karibu na duka la maziwa, na sisi tulipita pale asubuhi tukienda shule, tukaona kiatu chake kimoja na ukuta uliorukiwa na damu. Nyumba ya tatu toka kwetu mume na mke walipigana kila mwisho wa mwezi, na mke ndiye aliyeshinda mara nyingi. Mtoto akisikia mayowe aliuliza tu yametoka wapi, kisha akaendelea kuruka kamba.

Na mama alikuwa na jibu lake tayari. Akiwa na jicho limefumba, akienda dukani na leso usoni, aliulizwa, naye akasema, "Nilianguka jikoni. Ile sakafu ya mbao inateleza sana." Walimwitikia. "Pole, mama. Kweli inateleza." Kila mtu Jericho alijua sakafu yetu inateleza. Jirani yetu wa mitumba tu ndiye hakusema pole. Alimtazama mama, akatema mate pembeni, akaenda zake.

Sasa sikiliza mambo ya Agosti ile.

Maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima, siku nyingi, mpaka vyombo vichafu vikarundikana kwenye sinki. Asubuhi moja baba, kabla ya kwenda kazini, alifungua mfereji wa sinki kujaribu kama maji yamerudi. Sisi tulikuwa bado tumelala pale chini, na mimi nilimwona. Mfereji ulitoa pumzi, ukakohoa, ukanyamaza. Baba akachukua kofia yake akaondoka. Hakuufunga. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, kwa maana mfereji mkavu ni mkavu tu. Shule zilikuwa zimefungwa. Mama alituchukua sote twende Majengo kwenye matanga ya mwenzake wa kanisani, tukashinda huko.

Tuliporudi alasiri mtaa ulikuwa na furaha. Maji yamerudi! Akina mama walikuwa wanapishana na ndoo, watoto wamevua mashati wanamwagiana, redio zinaimba madirishani. Tukacheka nasi. Kisha tukaona maji yanatoka chini ya mlango wetu, kijito kabisa, na watoto wa jirani wameyachimbia mitaro, vijiti vyao vinaelea.

Mama alifungua mlango. Sinki lilikuwa linafurika, vile vyombo vimeziba tundu, na maji yalikuwa yameshinda yakimwagika sakafuni. Mvule ilikuwa imefura. Katikati ya jikoni vipande vilikuwa vimeinuka vikaegemeana, tuta zima, kama kaburi ambalo bado halijasawazishwa. Nilipokanyaga pembeni kipande kikatoka na lami yake nyeusi chini, kikaelea.

Mama alifunga mfereji. Akachukua tambara, akainama, akaanza kukausha, anakamua kwenye karai, anarudi. Sote tukafanya vivyo hivyo. Ilikuwa kazi ya bure na tulijua.

"Mathe, tuhepe," kaka yangu akasema. Sauti yake ndiyo ilikuwa inaanza kuvunjika, na siku ile ilivunjika vibaya. "Buda akipata hivi atakumaliza."

"Tuhepe twende wapi?" mama akamjibu. "Kausha kule pembeni."

Jirani yetu wa mitumba alipitia mlangoni na ndoo zake, akaona. Akaziweka chini. "Mama watoto, chukua hawa watoto muingie kwangu. Fungeni mlango. Akipoa ndio mtoke."

"Nikijificha leo nitajificha mpaka lini?" mama akasema, bado ameinama. "Na si mimi niliyefungua huu mfereji."

Ndilo jambo ambalo sijawahi kulielewa vizuri. Mama aliyekuwa akisema ameteleza, siku ile alikuwa amechoka kuteleza.

Baba alirudi jua likiwa bado juu. Alisimama mlangoni. Tulingoja apige kelele lakini hakupiga. Alivua viatu vyake akavipanga kando kama kawaida, akaingia katika yale maji na soksi, akapiga magoti mbele ya lile tuta. Aliweka viganja vyake viwili juu yake. Alijaribu kukibonyeza kipande kimoja kirudi mahali pake, kikakataa. Akajaribu kingine.

"Nani alifungua mfereji?" akauliza.

"Ni wewe, baba watoto," mama akasema. "Asubuhi. Ulikuwa unajaribu maji."

Baba akageuka akiwa bado amepiga magoti. "Mimi?"

"Ni wewe."

Alichukua kile kipande kilichokuwa mkononi mwake, na bila hata kusimama akampiga nacho mguuni. Mama akaanguka. Hapo baba akainuka. Alimpiga kichwani kando ya sikio, na damu ikatoka sikioni. Mama aliinua mkono kujikinga, akaupiga mkono, na sote tulisikia mfupa ukikatika. Mama hakulia. Alikuwa anarudia neno moja, "Ni wewe, ni wewe, ni wewe," na kila alipolisema baba alipiga tena. Kaka yangu alimrukia mgongoni akamkaba shingo. Baba alimshika, akamvua kama mtu anavyovua koti, akamtupa kwenye sinki. Meno yake mawili ya mbele yalibaki kwenye ukingo wa sinki. Mdogo wetu alikuwa chini ya meza amejifunika uso kwa tambara lenye maji.

Mimi nilitoka. Nilipiga mlango wa kwanza. Ndani redio ikaongezwa sauti. Nilipiga wa pili, nikasikia komeo likisukumwa. Nikasimama katikati ya ile njia, katikati ya ndoo na watoto wenye furaha, nikapiga mayowe ambayo sikujua kama yamo ndani yangu. "Anamuua mama! Anamuua mama!"

Jirani yetu alitoka akikimbia. Sikuwahi kumwona akikimbia, kwa unene wake. Alikuwa na ile fimbo yake ndefu yenye ndoano ya chuma, ya kuangulia nguo zilizoning'inizwa juu kibandani. Hakubisha hodi. Niliposikia ile fimbo ikitua, na kilio cha baba, nilijua kwa mara ya kwanza kwamba baba anaweza kuumia.

Halafu wakaja wengine. Sijui walitoka wapi. Mmoja alikuwa na mwiko wa ugali, mwingine mchi, mwingine amevua kiatu. Hata yule aliyeongeza sauti ya redio alikuja, akiwa na pasi ya kunyooshea nguo mkononi. Akina mama wa Kakamega na wa Nyeri na wa Siaya, walioteta kila siku juu ya kamba za nguo, waliingia katika jiko lile dogo mpaka likajaa. Baba aliteleza kwenye maji akaanguka juu ya lile tuta lake la mvule, na walimpiga akiwa chini. Walimpiga vibaya. Walipoacha, uso wake haukuwa na umbo, na walimburuta nje wakimshika miguu wakamkalisha kwenye ukuta wa nyumba ya mbele.

Mama alikuwa amekaa, ameegemea kabati. Mkono wake mmoja ulining'inia. Jirani alimpangusa damu kwa ncha ya leso yake.

"Twende hospitali, mama."

"Nileteeni shoka," mama akasema.

Kule nje baba alisikia, na nikamwona akijaribu kujikokota. "Jamani," akasema kwa midomo iliyovimba, "jamani, mzuieni." Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemsaidia baba pia. Mmoja wa wale wanawake, sijui kwa nini, alikwenda kwake akarudi na shoka la kupasulia kuni, akamkabidhi mama, na wakaacha nafasi toka pale alipokuwa mpaka mlangoni.

Mama aliinuka. Alilishika shoka kwa mkono mmoja, akalitazama lile tuta, akapiga. Kipande kiliruka kikagonga dari. Akapiga tena. Kwa kuwa alitumia mkono mmoja tu, shoka lilimpeleka huku na huku kama mlevi, lakini hakuliachia. Jirani akainama akaanza kung'oa kwa mikono. Wengine wakafuata. Waling'oa na kutupa nje, wakang'oa na kutupa nje, lami ikiwachafua hadi viwiko, vipande vikianguka karibu na miguu ya baba.

Baba akaanza kulia. Sikuwahi kuona machozi yake. Nilimsogelea, kwa maana mtoto ni mtoto, na alikuwa baba yangu, na alikuwa anavuja damu. Nilidhani analilia alichofanya.

"Mvule hiyo," alikuwa anasema. "Mama watoto, tafadhali. Mvule hiyo."

Nikarudi nyuma. Nikasimama kando ya kaka yangu, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kiganja, damu inapita katikati ya vidole. "Umemskia?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa kwamba nimemsikia.

Jirani na mimi ndio tuliompeleka mama kwenye zahanati. Nesi alimtazama mkono, akamtazama sikio, akachukua kalamu. "Ulianguka?" akauliza, akiwa ameshaanza kuandika.

"Sikuanguka," mama akasema. "Nilipigwa na mume wangu. Andika hivyo."

Nesi aliinua macho. Akaandika hivyo.

Tuliporudi kabla giza halijaingia, akina mama walikuwa wamewasha moto nje na ile mvule. Mbao ngumu hazishiki moto haraka, lakini lami iliyogandamana chini ilizisaidia, na moto ulikuwa mkubwa wenye moshi mweusi. Walikuwa wamesonga ugali wa kutosha safu nzima. Ugali ulinuka lami. Tuliula na sukuma, watoto wote kwa wazee, tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Kaka yangu alilowesha tonge kwenye mchuzi akalimeza bila kutafuna. Baba hakuwepo tena ukutani.

Alikwenda kulala karakanani. Siku chache baadaye akaja nyanya, mama yake baba, kwa basi kutoka Vihiga, na kuku ndani ya kikapu. Mama alimkaribisha kwa heshima zote, akampa kiti, lakini sisi watoto tulibaki karibu na mlango. Tulijua amekuja kumtetea mwanawe. Nyanya alitazama jikoni, ile saruji yenye madoa ya lami. Alilitazama sikio la mama lililozibwa kwa pamba. Hakunywa chai. Aliniambia, "Mjukuu, nipeleke anapofanya kazi."

Tulivuka reli, yeye mbele mimi nyuma ingawa mimi ndiye niliyejua njia. Langoni alimwitisha. Baba alitoka na vumbi la msumeno kichwani, uso bado una mabaka ya kijani. Alipomwona mama yake alipiga goti kumwamkia. Nyanya akamchapa kofi. Mashine zilikuwa zimezimwa kwa mapumziko na wenzake wote walisikia.

"Baba yako alinivunja haya," nyanya akasema, akafunua midomo kuonyesha ufizi. "Mimi nilikupeleka kwa shangazi yako ili usione. Nilidhani hukuona."

Baba alikuwa bado amepiga goti moja. "Niliona, mama."

"Uliona."

"Niliona yote."

Nilitazamia atamwekea mkono kichwani, kama wafanyavyo. "Basi usirudi pale," akamwambia. "Mpaka wakuite." Akanishika mkono tukaondoka. Njiani alilia bila sauti, na alipofika nyumbani alimchinja yule kuku yeye mwenyewe, akampa mama paja.

Hatukumwita. Wazee wa kanisa walikuja kusuluhisha mara kadhaa. Mama aliwasikiliza kwa lile sikio moja lililobaki, maana jingine halikusikia tena mpaka alipokufa, akawashukuru, akawafungulia mlango watoke. Baba alituma unga kwa mkono wa mfanyakazi mwenzake mwisho wa mwezi, na mama aliupokea, kwa kuwa watoto walikuwa wake pia. Mama aliingia biashara ya mitumba na jirani yetu. Kaka yangu alipata kazi ya udereva na amezeeka bila meno ya mbele, hataki kuwekewa ya bandia. Kifua cha mdogo wetu kilianza tena mwaka uliofuata, kwenye ile saruji. Mama alimvika sweta mbili na soksi za baba, akamlaza katikati yetu. Baba alikufa tukiwa watu wazima, kwa mapafu, kwa lile vumbi alilolivuta miaka yote. Tulikwenda kumzika sote. Mama alitupa udongo wake kama wengine.

Siku hizi nikipita Jericho huwa siikuti ile niliyoijua. Mahali pengine wamejenga ghorofa za kupanga mpaka barabarani, mahali pengine nyumba ni zile zile lakini kila mlango una geti la chuma na kufuli ndani ya geti. Sijui nani anaishi wapi. Watoto wanacheza kwenye vibaraza vya juu, nyuma ya nondo. Mimi mwenyewe ninakoishi, mwanamke wa juu yangu akilia, tunasikia wote, na wote tunatazama televisheni. Mara moja nilipanda ngazi nikagonga. Nilisimama pale peke yangu mpaka mlango ukafunguliwa, na nikageuka nyuma kutazama kama kuna aliyenifuata. Hapakuwa na mtu.

Jirani yetu wa mitumba alizikwa kwao Murang'a mwaka ambao binti yangu alizaliwa. Yule wa mchi alirudi Siaya. Yule aliyeleta shoka sikumjua jina hata wakati ule, nilimjua kwa gauni lake la maua, na nimemtafuta kwa maswali kwa kila mtu wa zamani ninayekutana naye bila kumpata. Hawakuwa watu wapole. Waliteta, walichunguzana, walifungiana milango, na wakati mwingine walichelewa. Lakini siku ile waliingia. Nawakosa wanawake wale kuliko ninavyomkosa baba yangu, na sioni haya kukuambia hivyo.